Mbwa Hapewi Dawa

Kwetu mbwa ni wa kubweka. Hilo nilifundishwa na mama mkwe wangu juma lile lile nililoolewa, aliponikuta nimekaa mlangoni nikimkuna mbwa wa boma masikio. "Wee mtoto wa watu," akaniambia, "kwani nyumbani kwenu mbwa ni shemeji?" Wanawake waliokuwa jikoni walicheka hadi wakashika mbavu, na mimi bibi arusi nikatamani ardhi ipasuke inimeze.

Ndivyo tulivyo sisi watu wa upande huu wa Othaya. Mbwa hulala nje, hula ukoko wa sufuria na mfupa ambao binadamu ameshaumaliza, na akiugua huachwa mpaka apone au afe. Mwanamume akionekana amembeba mbwa, habari itafika sokoni kabla yake. Mwanamke akisema anampenda mbwa, watu watauliza watoto wake wamekosa nini. Mimi sasa nimezeeka, sina wa kumwogopa, kwa hivyo nasema wazi: nilimpenda Koplo. Anayetaka kucheka na acheke, meno ni yake.

Jina hilo alipewa na shemeji yangu Wamae, mdogo wa mume wangu, kwa sababu ya mistari miwili myeupe begani. Alikuwa mbwa wa rangi ya udongo, mrefu, sikio moja limesimama na moja limelala. Watoto wetu, Ngendo na wadogo zake, walipokwenda shule za bweni, na mume wangu Ngatia akawa mtu wa kamati ya kahawa, asubuhi kiwandani jioni mkutanoni, mimi nilibaki na Koplo. Tulikwenda mtoni pamoja. Nikipalilia alilala kwenye mwisho wa mstari, nikimfikia anahamia mwisho wa pili. Nilimweleza mambo ambayo sikuweza kumweleza mtu, na hata siku moja hakunijibu upuzi.

Mwaka ninaousimulia kahawa ilikuwa imepanda bei mpaka watu wazima wakakosa usingizi. Kila nyumba ilikuwa na redio mpya au bati jipya. Na wezi nao wakajifunza kilimo. Unaacha miti yako myekundu jioni, asubuhi unaikuta imechunwa, matawi yamevunjwa, na buni za mwaka mzima zimekwenda kwenye gunia la mtu usiyemjua.

Kwetu walikuja alfajiri ya Jumanne, ukungu ukiwa bado mzito. Ngatia alisikia matawi, akachukua panga, akateremka na Koplo mbele. Mimi nilibaki nikitafuta viatu. Nikasikia mbwa anabweka, nikasikia kishindo, halafu nikasikia kilio ambacho hata leo nikikikumbuka nywele hunisimama. Nilipofika wezi walikuwa wamekimbia, magunia yamelala chini, na Ngatia amesimama mdomo wazi bila hata mkwaruzo. Koplo alikuwa anajikokota kwenye matope kwa miguu ya mbele. Wa nyuma mmoja ulikuwa unaning'inia.

"Mmoja alikuwa ameniinulia chuma," Ngatia aliniambia, na meno yake yalikuwa yanagongana. "Kichwani, Gathoni. Koplo akaingia katikati ya miguu yake. Hiyo chuma ilikuwa yangu."

Alisema hivyo mara moja tu. Majirani walipokuja asubuhi kunywa chai na kutoa pole, nilimsikia akisimulia. Ati aliwaona wezi. Ati aliwapigia kelele. Ati waliona panga wakatupa magunia. Nilisimama mlangoni na birika mkononi nikingoja mbwa aingie kwenye hadithi, hakuingia. Nikauliza, "Na Koplo?"

"Mbwa alibweka," Ngatia akasema, akanyoosha kikombe niongeze chai.

Ngai, nilikasirika! Nilimmwagia chai mpaka ikafurika kwenye kisahani.

Koplo alikuwa amejificha chini ya ghala ya mahindi. Analia pole pole, kama mtoto aliyechoka kulia, anapumzika, anaanza tena. Nilipomgusa alinishika mkono kwa meno, akashtuka mwenyewe, akaniachia na kunilamba. Wamae alikuja akachungulia, mikono mfukoni.

"Si tummalize tu?" akasema. "Mguu umekwisha. Rungu moja, apumzike."

Mama mkwe wangu, ambaye wote tulimwita Cucu, yaani nyanya, kwa ajili ya watoto, akasema kutoka jikoni, "Mfanye haraka, kelele hiyo inaniuma kichwa." Ngatia alikuwa anatazama kucha zake.

"Sikilizeni nyinyi," nikawaambia. "Mtu atakayemgusa huyu mbwa na rungu, atajipikia mpaka Krismasi. Mimi naenda Nyeri kwa daktari."

"Daktari wa mbwa!" Wamae akapiga makofi. "Haiya! Umwambie atuletee na sista wa kumwosha."

Nilikwenda. Nilivaa nguo ya kanisa ili wasinifukuze, nikaingia ofisi ya mifugo mjini Nyeri. Daktari alikuwa Mmeru mmoja mwembamba, jina lake Kirimi, na nilimkuta nje anapakia masanduku ya chanjo kwenye Landrova. Ugonjwa wa miguu na midomo ulikuwa umeingia kwa ng'ombe wa upande wa Doldol, na askari walikuwa wanamngoja barabarani.

"Ng'ombe ni mgonjwa, mama?" akaniuliza bila kusimama.

"Si ng'ombe. Ni mbwa."

Makarani waliokuwa dirishani wakacheka. Daktari Kirimi hakucheka. Aliweka sanduku chini, akaniuliza kama mfupa umetoka nje ya ngozi. Nikasema hapana. Akauliza kama anakojoa, kama anapumua vizuri, kama tumbo limevimba. Nikamjibu kila kitu.

"Basi huyo anaweza kunisubiri," akasema. "Leo siwezi kuja, hii chanjo ikipata joto itakufa. Lakini Ijumaa niko na ng'ombe za kuchanja kwa dipu yenu ya kuogesha mifugo. Nikimaliza nitapanda kwako. Nitamdunga sindano ya usingizi, nivute huo mguu, nifunge plasta. Nimefunga mibaya kuliko hiyo."

"Atatembea?"

"Atachechemea kidogo. Lakini atatembea, na atabweka."

Nilitaka kumbusu mikono. "Na haya maumivu, daktari? Analia mpaka mtu unaweza kuchanganyikiwa. Nimpe nini?"

"Sasa hapo nisikize vizuri, mama." Alisogea karibu, akaongea pole pole. "Maumivu mengi ya mfupa uliovunjika ni ya kusogeasogea. Ukimtuliza asisogee, umeshampa nusu ya dawa. Tafuta ubao mpana, mlaze, muweke pahali padogo penye giza, asione kuku akataka kukimbiza. Mfunike gunia, baridi ya kwenu si mchezo. Kitambaa cha maji baridi kwa uvimbe, kidogo kidogo, utoe. Maji ya kunywa, lakini kidogo. Ukitaka kumwinua, kwanza funga mdomo na kitambaa, hata kama ni mtoto wako, kwa sababu uchungu hauna rafiki. Lakini akitapika, fungua haraka. Na Ijumaa asubuhi asile kitu."

"Nimpe aspirini?"

"Hapana! Usimpe dawa ya watu. Hata kidonge kimoja. Hata nusu. Tumbo la mbwa si tumbo la mtu. Kile kidonge kinakuondolea wewe maumivu ya goti, yeye kinamtoboa tumbo, na damu inatokea ndani ambako huioni. Unaona ametulia, kumbe anaisha. Umesikia?"

"Nimesikia."

"Waambie na watu wa nyumbani."

Niliwaambia. Jioni hiyo hiyo, wote watatu wakiwa kwenye moto wanakula, nilisimama na mwiko mkononi nikarudia maneno ya daktari neno kwa neno. Asipewe dawa ya watu. Hata nusu. Inamtoboa tumbo.

Walinitazama kama mtu aliyerudi kutoka Nyeri na homa.

"Nani ampe mbwa dawa?" Cucu akauliza. "Dawa ya hospitali? Mimi mwenyewe magoti yananimaliza, navikata vile vidonge vyangu katikati ndio vifike mwisho wa mwezi, halafu nimpe mbwa? Mama Ngendo, wacha kuniletea wazimu."

"Labda tumwitie padri," akasema Wamae, "ampake mafuta matakatifu."

"Mwacheni," Ngatia akasema huku anatafuna. "Kila mtu na mtoto wake. Mbwa hapewi dawa, Mama Ngendo. Hiyo hata hukuhitaji kwenda Nyeri kuambiwa."

Nilitukana moyoni, lakini nikatulia. Watu wanaocheka hivyo, nilijiambia, hawana hatari. Mtu hampi dawa kiumbe asichokijali. Kama ningeona mmoja wao ana huruma, ningekaa macho. Sikuona.

Nikafanya kama nilivyoambiwa. Nilichukua mlango wa zamani wa banda la ndama, nikamfunga Koplo mdomo kwa kitambaa changu cha kichwa, nikamteleza juu ya ubao pole pole, mguu mbaya ukiwa juu. Nikamfungua mdomo, nikamvuta mpaka chumba cha nyuma cha ghala, mahali pa magunia, nikaning'iniza blanketi mlangoni kuzuia mwanga. Kilio kilipungua. Jumatano asubuhi alikunywa maji kwenye kiganja changu na akapiga mkia kwenye ubao, ta, ta, ta. Nilikaa pale nikalia kwa furaha, mtu mzima mimi. Nilimwambia, "Ijumaa, mwanangu. Vumilia tu, Ijumaa iko karibu."

Siwezi kusema sikuona vitu. Niliviona, sikuvielewa. Cucu, ambaye kwa kawaida jioni alikuwa hatoki kwenye moto, alitoka kwenda kutafuta kuni, na kuni zilikuwa zimejaa pembeni ya jiko. Alirudi akichechemea, na usiku akaguna kwa magoti kuliko siku zote. Ngatia alirudi mapema kutoka kiwandani, akasema anataka kuona kama panya wameingia kwenye mahindi, akakaa huko ghalani na panya zake kwa muda mrefu. Wamae, ambaye nyumba yake ilikuwa ng'ambo ya ua, alikuja kuazima jembe ambalo alikuwa nalo tayari.

Alhamisi Koplo hakulia kabisa. Nilishukuru Mungu kwa sauti. Alilala tu, macho nusu, na nilipoleta maji aligeuza kichwa. Nikafikiri ni usingizi, amechoka, si amekesha siku mbili na mfupa uliovunjika? Mchana akatapika. Kilichotoka kilikuwa cheusi chenye chembechembe, kama kahawa iliyosagwa. Nilisimama nacho kwenye kipande cha gunia nikikitazama. Ndani ya nyumba yetu yote hakukuwa na kahawa iliyosagwa, sisi tulilima tu, tulikunywa chai.

Nilikwenda jikoni moja kwa moja. "Nani amempa Koplo kitu?"

"Kitu gani?" akasema Cucu.

"Chochote. Ametapika vibaya. Kama kuna aliyempa kitu aseme sasa."

"Nani ampe?" akasema Ngatia, na alinitazama machoni, mume wangu wa ndoa ya kanisa. "Wewe ndiye unashinda huko naye."

Wamae akasema mbwa hula mavi, wakitapika kuna ajabu gani. Nikawaamini tena. Nilirudi ghalani, nikamshika kichwa kwenye mapaja yangu. Nilitaka kwenda kumtafuta daktari, lakini daktari alikuwa Doldol nyuma ya kizuizi cha polisi kwa sababu ya ule ugonjwa, na kutoka kwetu mpaka huko ni mbali. Ilinibidi kungoja. Tumbo lake lilikuwa gumu, na nilipoligusa alitetemeka mwili mzima bila kutoa sauti. Asubuhi ya Ijumaa choo chake kilikuwa cheusi kama lami, na kilikuwa na harufu ya damu. Fizi zake zilikuwa nyeupe.

Daktari Kirimi alipanda kutoka kwenye dipu jua likiwa juu ya miti. Alikuja na mkoba, na plasta ndani ya karatasi, na buti zimejaa dawa ya ng'ombe. Ngatia alikuwepo, hakwenda kiwandani siku hiyo, alisema anaumwa mgongo. Cucu alikuwa ameleta kigoda chake mpaka mlango wa ghala. Wamae alikuwa ameegemea nguzo. Wote watatu walikuja kumwona mbwa ambaye hakuna aliyemjali.

Daktari alipiga magoti. Aligusa mguu kwanza, akanitazama akatingisha kichwa kuonyesha ni vizuri. Halafu akainua mdomo akaona zile fizi. Akashika tumbo. Akaniuliza kama ametapika, nikamwonyesha kile kipande cha gunia. Akageuka, na safari hii sauti yake haikuwa ya upole.

"Nani alimpa mbwa dawa?"

Nikasema, "Daktari, hakuna. Niliwaambia wote."

"Mama, mimi sikuulizi wewe. Naona umemlaza vizuri. Nauliza hawa." Akawatazama mmoja mmoja. "Mimi si polisi. Sitamshtaki mtu. Nataka tu kujua ni nini iko kwa tumbo, ndio nijue pa kuanzia. Nani?"

Ngatia akatazama paa. Wamae akatazama nguzo. Na Koplo anapumua pale chini, pumzi fupi fupi, kila pumzi inamgharimu. Nilikuwa na hamu ya kuchukua mchi nigonge vichwa vyao mpaka maneno yadondoke.

Cucu ndiye aliyesema wa kwanza. Hakunitazama. "Nilimpa vidonge vya magoti," akasema. "Viwili. Na jana alfajiri viwili. Niliweka ndani ya ugali."

"Vidonge vyako?" Nilimkumbuka yule mama akiguna usiku kucha. "Vyako wewe?"

"Alikuwa analia!" akanifokea. "Mtu atalala aje na kilio kama hiyo? Viwili tu. Mimi nikimeza viwili naenda mpaka kanisani."

"Mama," Ngatia akasema. "Mama, wewe pia?"

Tuligeuka wote tukamtazama. Alikuwa amekaa chini kwenye gunia bila mtu kumwambia akae. "Mimi nilimpa aspirini," akasema. "Nilinunua dukani. Jumatano tatu, jana asubuhi sijui, nne. Niliweka kwa nyama."

"Nyama gani?" nikauliza.

"Ya bucha."

Katika miaka yote ya ndoa yetu Ngatia hakuwa amenunua nyama siku isiyo sikukuu. Alikuwa amemnunulia mbwa nyama ya bucha, akaileta imefichwa ndani ya koti, akakaa naye gizani akimlisha kipande kwa kipande. "Nilimwambia asante," akasema, akaficha uso. "Ilikuwa lazima mtu amwambie asante."

Daktari hakungoja. "Na wewe?"

Wamae alijaribu kucheka, kicheko kikakataa. "Chang'aa," akasema. "Kidogo tu, na mkate. Ndio asisikie uchungu. Nilijua hakuna mtu anampa kitu! Nyinyi si mlisema hakuna anampa kitu?"

"Si wewe ndiye ulitaka apigwe rungu?" nikamwuliza.

"Kwani ningesema nini mbele yenu?"

Daktari Kirimi alifunga mkoba nusu, akaufungua tena. Alisema kimoja kati ya hivyo labda angestahimili. Vyote pamoja, siku baada ya siku, na pombe juu, tumbo lilikuwa limetoboka na uchafu umeenea ndani, hata angempasua hapo hapo hangefika popote. Alisema alichoweza kufanya ni kumwondolea maumivu, na safari hii iwe ya mwisho. Aliniuliza mimi kama nakubali. Hakuwauliza wao.

"Na mguu?" nikamwuliza. Sijui kwa nini niliuliza. Nafikiri nilitaka aseme mguu nao ulikuwa umeharibika, kwamba tangu mwanzo hakukuwa na tumaini, ili niweze kulala.

"Mguu ulikuwa mzuri, mama," akasema. "Ungeshika."

Nilimshika kichwa. Nilimfunika jicho kwa kiganja changu asione sindano. Alikuwa bado ananijua, alinigusa kifundo cha mkono na ulimi mkavu, halafu akawa mzito. Nilipiga kelele. Sikujali kama majirani wanasikia, sikujali kama kesho watasema Mama Ngendo alimlilia mbwa kama mtu. Niliwaita wale watatu majina ambayo siwezi kuyarudia, hata mama mkwe wangu, na hakuna aliyenikataza.

Kwetu mbwa akifa hutupwa vichakani, fisi na tai wakamalizie. Ngatia alichukua jembe bila kuambiwa, akaenda karibu na jikoni, pale penye jua la asubuhi, akaanza kuchimba. Wamae akachukua koleo. Cucu alikokota kigoda chake akakaa karibu na gunia tulilomfunga Koplo, na kila nzi aliyetua juu yake alimfukuza kwa ncha ya shuka. Mimi nilikaa kwenye kizingiti. Nilianza kufikiri, hata katika hasira yangu, kwamba labda sasa imekwisha ile aibu ya kijinga, kwamba nyumba hii sasa inaweza kutaja kitu kwa jina lake.

Shimo lilikuwa limefika magotini Wahome alipotokea njiani. Huyo ni jirani yetu wa juu, mzee wa kanisa, na mwenzake Ngatia kwenye kamati. Akasimama kwenye ua.

"Ngatia! Mnachimba nini saa hii ya kazi?"

Ngatia alinyoosha mgongo. Alinitazama, akamtazama mama yake, akamtazama Wamae. Nikangoja. Nilikuwa tayari kumsamehe mengi kwa neno moja tu, na neno lenyewe ni jepesi, hata mtoto anaweza kulisema.

"Choo," akasema.

"Choo? Hapo karibu na jikoni?"

"Ile ya zamani imejaa," Wamae akasema haraka.

"Na wewe Cucu, ndiwe msimamizi?"

"Ndio mimi," akasema Cucu, na akavuta shuka yake ikafunika gunia.

Wahome alicheka, akatuambia tusisahau kuweka mlango, akaenda zake na fimbo yake. Ngatia aliinama tena lakini jembe halikuinuka. Mabega yalikuwa yanatikisika, na machozi yalimtoka yakadondoka ndani ya shimo. Sikuwa nimewahi kumwona akilia, hata kwenye mazishi ya baba yake. Nilitaka kumhurumia. Nilitafuta huruma ndani yangu yote, na sikuipata.

"Chimba," nikamwambia. "Choo ya watu wazima haiwi fupi hivyo."

Akachimba.